Robe ya Asiya Yenye Haikupita mu Maji

Ile robe haikuvaliwa na mutu hata siku moya, lakini makwapa yake ilikuwa na jasho.

Hayat aliigeuza mu mikono. Ilikuwa bado mu nailoni yake, na kikaratasi cha duka kinaninginia ku shingo. Gauni ya rangi ya ndimu, mikono mirefu, shanga ndogo-ndogo ku kifua. Alikuwa ameitoa sasa hivi tu mu valizi, chini ya kitanda, pahali mutoto hafikishi mukono. Na pale mu makwapa, pande zote mbili, kulikuwa doa ya maji, vuguvugu, kama mutu ametoka kuivua.

"Ni joto," akajiambia. Bujumbura, Buja yetu, wakati wa mvua hata ukuta unatoka jasho.

Akainusa. Haikunuka nguo ya duka. Ilinuka mafuta ya kafuri, ile walikuwa wanamupakaza Asiya ku kifua wakati pumzi ilianza kumukatalia.

Hayat akafunga mulango na komeo. Akachukua pasi, akakausha makwapa mpaka nguo ikatoa mvuke. Kulikuwa ndoa siku ile, kule Kibenga, na yeye alikuwa amekwisha kusema moyoni kwamba ataivaa.

Nguo ilikuwa ya Asiya. Asiya alikuwa muke wa Seifu, na Seifu ni kaka yake Hayat, tumbo moya. Hayat mwenyewe aliachika zamani, akarudi kwa kaka yake pale Buyenzi, wakakaa wote mu lupango moya, kiwanja moya. Mawifi wengine wanaishi kama paka na panya. Hawa walikuwa wanakula sahani moya.

Asiya alikuwa na tabia yake. Nguo mupya haigusi mwili wake mbele haijapita mu maji. Watu walikuwa wanamucheka. Yeye anajibu tu, "Mutanicheka mpaka muchoke. Ile nguo imelala mu duka, giza, mulango umefungwa. Nani alikuwa anaijaribu? Muko munajua? Nguo yenye haijafuliwa haina mwenyewe. Ipitishe mu maji, sema bismillahi, njo inakuwa yako."

Robe ile aliinunua kwa Mama Namegabe, yule Mucongo anayepitisha vitu ku mupaka wa Gatumba, juu ya kuivaa ku Idi. Ugonjwa ukamuwahi. Pale kitandani akasema, "Wifi, nifulie ile robe yangu. Mi nguvu sina."

Hayat akasema kesho. Kesho yake robine haikutoa maji. Kesho ingine akachoka, kesho ingine akasahau. Idi ikafika, Asiya akavikwa kitenge cha zamani, akakaa akaegemea ukuta, na hakusema kitu. Angesema! Angemutukana! Ile kunyamaza njo ilibaki inamuchoma Hayat kama mwiba wa samaki ku koo.

Siku za mwisho Asiya akamuvuta mukono. "Kama mi sikuivaa, ifue, umupe Zuena. Anarefuka, itamufaa." Zuena ni binti yake, mutoto wake moya tu.

Sasa, mutu akikufa, nguo zake zinafuliwa zote, zinaanikwa, zikikauka njo zinagawanywa sadaka. Kazi ile ilimuangukia Hayat. Akafua vitenge, akafua mitandio, akafua mpaka ile shuka ya mugonjwa, na machozi yanaanguka mu beseni. Akafikia robe ya rangi ya ndimu. Akaishika. Ilikuwa nzuri sana, wajukuu wangu, nzuri ya kuumiza. Hayat hajawahi kuvaa kitu kama kile tangu aolewe na tangu aachike.

Na shetani hakosi maneno. Akamuambia pole-pole: Hii ni mupya. Mupya inafuliwa nini? Nguo ya marehemu ni ile marehemu alivaa. Hii Asiya hakuivaa. Haiko na uchafu wake, haiko na jasho yake. Basi hii siyo ya kufuliwa, na kama siyo ya kufuliwa, siyo ya kugawanywa.

Akaikunja, akaiweka mu valizi.

Siku ya kugawanya, Zuena alipewa vitenge viwili na mutandio. Akachungulia kile kirundo cha nguo. "Shangazi, na ile ya rangi ya ndimu?"

"Mama yako aliirudisha kwa muuzaji," Hayat akasema, na hakupepesa jicho.

Basi siku ya ndoa akapeleka robe mu kifuko, akaenda kuvalia kwa jirani yake Huguette, Zuena asimuone. Huguette ni muke wa kucheka, Mukristo, ukuta na ukuta na lupango yao.

"Yooo! Hayat! Mupya kabisa! Umeifua?"

"Bado."

"Usiifue! Mi nguo mupya sifui mbele sijaivaa mara tatu. Ukifua, nani atajua ni mupya? Watasema ni ya caguwa, ya mutumba. Wacha watu wasikie ile harufu ya duka!" Akanusa bega ya mwenzake, akakunja pua. "Eh. Hii duka yako inauza dawa?"

Wakacheka. Hayat akacheka na meno tu.

Kule Kibenga, mu salle ya sherehe karibu na ziwa, watu wakamusifu. Lakini alipokaa, akasikia mikono ya nguo inamubana, kama kuna mikono ingine ndani, pamoja na ya kwake. Akiinua kikombe, kuna kitu kinakawia nyuma ya mukono wake, halafu kinafuata. Jasho ikaanza kumutiririka mu mbavu, na ilikuwa ya baridi. Bibi moya akamupiga bega kwa nyuma.

"Asiya! Umepona, mwanangu? Alhamdulillahi!"

Hayat akageuka. Bibi akamutazama uso, akaweka mukono ku midomo. "Nisamehe, mama. Macho imezeeka. Kwa nyuma... hata vile unapumua."

Hayat akarudi nyumbani mbele ya keki haijakatwa.

Akairudisha robe mu valizi, akafunga na kufuli. Akafikiri imekwisha.

Kwanza ilikuwa sauti. Mutaa muzima robine zilikuwa zimekauka, watu wanapanga bido, madumu ya maji, foleni mpaka kule chini. Ijumaa mu adhuhuri, wanaume wako muskitini, jua imekaa katikati ya kichwa, Huguette akagonga ku ukuta.

"We, Hayat! Roho mbaya! Unafua na unatuficha maji? Utupatie hata bido moya!"

"Mi sifui. Nimelala hapa."

"Uko unafua. Mi nasikia. Nguo inapigwa, maji inamwagika. Tangu asubuhi!"

Hayat akategea sikio. Na yeye akasikia. Nyuma ya nyumba, pahali pa kufulia: pwa, pwa, pwa, halafu maji inakamuliwa, halafu mutu anavuta pumzi ndefu, kifua kinakoroma, kama mutu mugonjwa anayelazimisha kazi. Akaenda kuangalia. Hakuna mutu. Beseni imekauka, jiwe ya kufulia imekauka, mujusi amelala juu yake. Lakini harufu ya kafuri ilikuwa pale, nzito, mpaka macho ikamutoka machozi.

Halafu ikawa Zuena. Mutoto ambaye tangu maziko alikuwa kama jiwe, hakulia, hakucheka, sasa anaimba peke yake. Hakuli. Kila jioni, muadhini akiita magharibi, anapita mulango wa nyuma, na anarudi vidole vimekunjamana kama vya mutu ameshinda mu maji.

"Zuena, unatoka wapi?"

"Kufua."

"Kufua na nini? Maji iko wapi?"

Mutoto akamutazama na huruma, kama yeye njo mukubwa. "Namusaidia mama. Anafua ile robe, shangazi, lakini haitakati. Anasema hakuna mutu alimufulia. Ikitakata, tutaenda wote."

"Kwenda wapi?"

Zuena akainua mabega, akacheka.

Usiku ule Hayat hakulala. Angeweza kumwamsha mutoto na kumuambia. Maneno ilikuwa ndogo tu: mi niliichukua. Ikamufika ku ulimi, ikarudi. Aliogopa kile kitu cha nyuma ya nyumba, lakini, Mungu amusamehe, aliogopa zaidi ile macho ya mutoto.

Asubuhi akakimbilia kwa Maalim Tajudini. Mchana maalim anatengeneza injini mu garaji, pale pale Buyenzi. Jioni anasomesha watoto Kurani. Na mutu akisumbuliwa na vitu vya usiku, ni yeye wanamuita. Akamukuta chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Maalim, Asiya amerudi," Hayat akanong'ona.

Miguu ikatulia. Mzee akajivuta nje, uso imejaa mafuta ya gari. "Mufu harudi, binti. Asiya iko kwa Mola wake, anapumzika kuliko sisi. Kama kuna kitu kinafua kwenu, kimechukua sura tu. Ilipata wapi mulango?"

Hayat akapiga magoti pale mu udongo mweusi wa garaji, akamuambia yote. Kesho na kesho. Beseni. Valizi. Kibenga. Na mwisho, ile uongo aliyomuambia mutoto.

Maalim akajipangusa mikono na kitambaa. "Jini anatafuta kitu chenye hakina mwenyewe. Ile nguo muliinyima maji, mukainyima mwenyewe. Basi ameingia. Na mutoto, mulimunyima nguo na mukamunyima ukweli. Naye ameonekana kama hana mwenyewe."

"Nimetubu, maalim. Nimekuambia yote."

"Kwa nini unaniambia mi? Mi njo mwenye nguo?"

Jioni ile wakakaa nyuma ya nyumba, juu ya kuifua ile robe. Seifu alikuwa amerudi kutoka kazi kule Gatumba, amemushika Zuena ku mapaja. Maalim amejipangusa mpaka viwiko, lakini weusi bado uko mu kucha. Maji hakuna. Njo Huguette akaingia na bido yake ya mwisho ku kichwa, ile aliweka ya kupika.

"Chukueni. Mi na watu wangu tutakula mikate," akasema, na safari hii hakucheka. Akasimama karibu na mulango, anashika musalaba ku shingo.

Maalim akaanza kusoma. Hayat akatia robe mu beseni, akasema bismillahi, akaanza kufua. Na muadhini alipoita, Zuena akainua kichwa ku kifua cha baba yake, akasema na sauti yenye haikuwa yake, sauti ya mutu mukubwa, ya pole sana:

"Umechelewa, wifi."

Seifu akalia kama mutoto. Hayat akainamia maji, akafua, na akasikia ku upande mwingine wa beseni, pahali hakuna mutu, nguo inashikwa, inavutwa, pole kwanza, halafu kwa nguvu, na maji ikaanza kuwa ya baridi kama ya kuoshea maiti, na kafuri ikapanda, na yeye anavuta huku na kile kitu kinavuta kule, mushono wa kwapa unaanza kulia tii-tii, na kila akivuta anaona mutoto anainuka ku mapaja ya baba yake, anainuka pamoja na nguo, miguu yake imeacha chini, Seifu amemukumbatia na hamuwezi, maalim anasoma mpaka mishipa imesimama ku shingo, na bado kile kitu kinavuta, mpaka Hayat akajua kwamba mikono yake haitatosha, wala Kurani yenye mutu mwingine anamusomea, kuna kitu kimoya tu kilibaki na kilikuwa mu kinywa chake mwenyewe.

"Zuena! Mama yako hakuirudisha! Ilikuwa yako! Alisema upewe wewe, na mi niliiba! Niliiba nikaivaa, nikakudanganya! Na yeye aliniomba nimufulie mbele ya Idi, na sikumufulia, hata hiyo sikumufulia! Hii ni nguo ya Zuena binti Asiya! Iko na mwenyewe!"

Nguo ikaachiliwa. Hayat akaanguka nyuma na beseni, maji yote ikamumwagikia, ya vuguvugu tena, maji ya kawaida. Mutoto akaanguka mu mikono ya baba yake. Na mara ya kwanza tangu maziko, akalia. Alilia mama yake mpaka koo ikakauka. Hayat akanyoosha mukono amuguse. Zuena akajivuta pembeni.

"Mama alivaa kitenge cha zamani ku Idi," akasema. Hivyo tu.

Sauti haikurudi tena nyuma ya nyumba. Robe ilikauka ku kamba, ikatakata. Idi iliyofuata Zuena aliivaa, maalim akasema masha'Allah, Huguette akazunguka mutoto akipiga vigelegele mpaka mutaa ukatoka nje. Huguette naye siku hizi, hata soksi mupya anafua. Zuena anamuamkia shangazi yake, anamuletea chai, heshima haikupungua. Lakini nguo zake anafua mwenyewe. Hayat akimuambia "Leta nikusaidie," anajibu, "Apana, shangazi, asante," na anachukua beseni yake.

Na Hayat? Akinunua bluzi mupya, anaipitisha mu maji mara mbili, mara tatu, anasema bismillahi mpaka ulimi unachoka. Anaianika ku jua, ile jua ya Buja yenye inakausha dagaa kabla ya adhuhuri. Anarudi, anaishika: kifua kimekauka kama karatasi, mikono imekauka, shingo imekauka. Anapenyeza vidole mu makwapa.

Iko mubichi. Vuguvugu.

Zamani alikuwa anairudisha ku kamba. Siku hizi hairudishi tena. Anaivaa vile vile, na ubichi wake, na anaenda kuomba Mungu.