Buti Zisizoingiza Maji

Mlima ulinguruma mara moja tu, ardhi ikaporomoka, na njia waliyopandia ikaondoka pamoja na mkoba wa chakula. Fundi viatu alikumbatia jiwe. Alipofumbua macho alimwona kaka yake, mpima maji wa ziwa la juu, amesimama hatua tatu kutoka kwenye pengo, tope hadi nyusi.

"Kurudi ndiyo basi tena," kaka alisema. "Tuzunguke ziwa, tushukie upande wa pili. Siku moja na nusu, miguu ikikubali."

"Itakubali. Buti nimeshona mimi."

Na nani angebisha? Walivuka matope ya kufika ugokoni, mvua na maji ya baridi kali vikiipiga ngozi aliyoipaka nta mara tatu, na ndani halikuingia hata tone. Fundi akavimba kichwa. Ila walipoanza kuteremka, kaka akachechemea, kisha akawa anakaa kila baada ya hatua ishirini.

"Acha kudeka, mzee mzima!"

Kaka akakaa tena, safari hii asiinuke. Hapo fundi akaogopa. Akamvua buti zote mbili. Soksi hazikuwa na maji, zilikuwa na damu, na kucha za vidole gumba zilining'inia.

Alielewa papo hapo. Siku ile dukani alimpima asubuhi, amekaa kitini, kwa soksi nyepesi, kisha akaweka soli nene ya ndani ili buti ziwe laini. Mguu uliobeba mwili kutwa nzima huvimba na kurefuka. Kosa la mwanagenzi, naye ana miaka kumi na tisa kazini!

"Kosa langu, kaka."

"Litengeneze basi. Tukilala huku juu na mvua hii, hatuamki."

Aling'oa soli za ndani, akachana kitambaa chake cha kichwa, akafunga vidole na visigino, akamvisha tena buti, akakaza kamba kwenye vifundo ili mguu usiteleze mbele. "Piga teke jiwe hilo." Kaka akapiga. Vidole havikugonga.

Ukungu ukapasuka. Ziwa lote lilikuwa nyuma yao, na kutoka ukingoni mto ulianguka mbali mno hata maji yakawa mvuke kabla ya kufika chini. Mawingu yalikuwa chini yao. Fundi alitazama makubwa hayo, kisha akatazama miguu ya kaka yake ikishuka, na hakujua amshukuru Mungu kwa kipi kwanza.

Walilala wamebanana chini ya mwamba bondeni. Kesho yake mchana walifika kituo cha walinzi wa msitu. Mlinzi akaleta beseni la maji ya vuguvugu, kaka akachovya miguu.

"Zilinibana tangu pale dukani," alisema.

"Na ukanyamaza?"

"Ungejiona ulivyonikabidhi, unacheka peke yako. Ningesemaje?"

Fundi alitaka kumtukana. Badala yake alipiga magoti, akaishika ile miguu ndani ya maji, akalia mpaka mlinzi akatoka nje.