Wino wa Kura na Sauti ya Bi Ummkulthum

Kila baada ya sala ya alasiri, wanawake wa kijiji cha Makangale hukusanyika barazani kwa Bi Ummkulthum. Wengine huja na watoto wachanga, wengine huja moja kwa moja kutoka kwenye mwani, nguo bado mbichi. Bi Ummkulthum huwasomesha Kurani na mambo ya dini. Sauti yake ni tamu na wanawake wanamwamini. Yeye akisema jambo, limekwisha.

Siku moja, uchaguzi mdogo wa jimbo ukiwa umekaribia, Bi Moza alifunga msahafu wake akasema:

"Mwalimu, mie kura sipigi. Nshakusikia kwenye simu."

"Umenisikia nikisema nini?"

"Kwamba wino wanaotutia kidoleni safari hii unazuia udhu. Kura moja tu, nipoteze sala zangu zote?"

Wenzake wakaitikia. Barazani pale hapakuwa na hata mmoja mwenye nia ya kwenda kupiga kura. Bi Ummkulthum aliwarudisha kwenye somo. Sauti ile ilikuwa yake kweli.

Alikuwa ameusoma ujumbe ule, ukarikodiwa, kwa ajili ya Thuwein, kijana wa Wawi, mtoto wa watu wanaojulikana. Thuwein ni mshauri wa siasa. Kazi yake ni kuwaelekeza wagombea namna ya kuzungumza na watu. Alikuja kwa adabu, akapiga hodi, akasema anatafuta sauti ya Kipemba ya kuelimisha wapigakura. Ujumbe wa kwanza ulisema: njoo na kitambulisho chako. Wa pili ulisema: panga foleni kwa utulivu. Yote ni kweli. Ujumbe wa mwisho ndio uliokuwa wa wino. Thuwein alisema wino wa safari hii ni mwengine, una gamba lisilopitisha maji kama rangi ya kucha, na masheikh wameshasema. Bi Ummkulthum hakuuliza masheikh gani. Mtu akikupa tende nzuri mbili, ya tatu huipasui kutazama kama ina mdudu.

Darasa lilipokwisha, alikwenda kwa jirani yake Nusaiba, mtangazaji wa redio ya jamii. Alimkuta anakuna nazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nusaiba, nina balaa. Ule ujumbe wa wino ni mie niliyemsomea Thuwein."

"Nimekutambua," Nusaiba alisema taratibu. "Umefika mpaka kisiwa cha Fundo. Nilikuwa nakuja kwako."

"Kwani nani anafaidika, sisi tusipopiga kura?"

"Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kusambaza chochote. Iko kampuni ya nje inautaka ufukwe wetu. Waliosimama kukataa ni nyinyi wanawake, maana mwani wenu uko pale. Mkikaa majumbani, atashinda mgombea anayetaka kuipa kampuni ufukwe huo. Sasa inashukiwa kuwa kampuni hiyo ndiyo iliyomtuma Thuwein."

"Kwani kazi ya ushauri wa siasa ni haramu?"

"Si haramu. Mgombea ana haki ya kushauriwa. Lakini uchaguzi ni wa wananchi. Watu wa nje wakimtumia mtu kuwadanganya wapigakura, huko ni kuingilia uchaguzi, na ni kosa."

Hasira zilimpanda Bi Ummkulthum. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Na yuno nilimkaribisha mwenyewe."

Nusaiba aliipigia simu ofisi ya uchaguzi. Ofisa alijibu kuwa wino ni ule ule wa siku zote. Unaingia kwenye ngozi, hauna gamba. Kisha wakampigia kadhi. Kadhi alisikiliza, naye akauliza:

"Mwalimu, hina inazuia udhu?"

"Haizuii, Shehe. Hina ni rangi tu. Maji yanafika kwenye ngozi."

"Basi umeshajijibu."

Bi Ummkulthum aliona haya mpaka uso ukamwaka moto. Somo la hina ameshalisomesha mara chungu nzima.

"Nusaiba, nikitangaza kuwa nimekosea, nani atakuja kusoma kwangu tena?"

"Mficha uchi hazai, mwalimu. Watu wanaiamini sauti yako. Iliyopotosha ndiyo irekebishe."

Bi Ummkulthum akaishika simu. Akarikodi hivi: "Wanawake wenzangu, ni mie Ummkulthum. Ujumbe wa wino si kweli. Niliusoma bila ya kuuliza, nami nakutakeni radhi. Wino ni kama hina, hauzuii udhu. Msiniamini kwa sauti yangu tu. Mwulizeni kadhi, iulizeni ofisi ya uchaguzi."

Ujumbe huo Nusaiba aliutangaza redioni, na wanawake wakautuma kila walikoutuma ule wa mwanzo. Asubuhi yake Bi Ummkulthum alikwenda polisi, akaeleza yote. Thuwein aliitwa kuhojiwa. Alikana. Uchunguzi unaendelea, na kumhukumu ni kazi ya mahakama, si ya barazani.

Siku ya kura, foleni ya wanawake wa Makangale ilitoka nje ya ua wa skuli. Kila mmoja alimchagua aliyemtaka, na hakuna aliyeulizwa ni nani. Bi Moza alitoka ameinua kidole, akenda zake kusali adhuhuri.

Kesho yake baada ya alasiri, Bi Ummkulthum alitandika mikeka kwa moyo mzito. Alidhani atakaa peke yake. Lakini waliingia mmoja mmoja, mpaka baraza likajaa. Akafungua kitabu ili aanze.

"Ngoja kwanza, mwalimu," alisema Bi Moza. "Hilo unalotaka kutusomesha leo, kasema nani?"

Bi Ummkulthum alimtazama, kisha akacheka kwa furaha, machozi yakimlengalenga.

"Suala zuri, Moza," alisema, akakigeuza kitabu upande wao. "Sogeeni muone wenyewe."