Glavu za Khattab

Jua lilikuwa likizama nyuma ya milima pale Ghadeer alipoegesha gari Hamriya, mbele ya kiduka cha fundi cherehani. Shughuli yenyewe ilikuwa ndogo tu. Glavu ya kulia imefumuka mshono pembeni mwa gumba, na Ijumaa ana mechi.

Zilikuwa glavu za kuchezea gemu, nyeusi, za kubana kifundo cha mkono kisichoke. Ncha za vidole zimefumwa kwa uzi wa fedha ili kioo cha simu kiitike hata mikono ikitoka jasho. Kabla yake zilikuwa za kaka yake, Khattab. Akizivaa Khattab hakuwa na mpinzani Maskati nzima, au angalau ndivyo alivyojisifu mwenyewe.

Fundi, mzee wa Kibangali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliichukua ile glavu akaiweka chini ya taa. Akaibonyeza. Akaibonyeza tena.

"Toa mkono kwanza," alinong'ona kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.

"Mkono gani?"

"Uliomo humu."

Ghadeer akacheka. Fundi hakucheka. Aliisukuma glavu kwa ncha ya mkasi mpaka katikati ya meza, na pale ilipolala vidole vyake vilikuwa vimejaa... vimetuna, kama vya mtu aliyelala usingizi.

Kisha kidole cha shahada kikagonga meza.

Mara tatu.

Ndivyo alivyokuwa akifanya Khattab kabla ya kila mchezo.

Ghadeer alizinyakua zote mbili akatoka mbio. Njia nzima mpaka nyumbani Ansab gari lilinuka mafuta ya mikaratusi, yale Khattab aliyokuwa akijichua vidoleni. Alifungua vioo vyote. Harufu haikutoka.

Sasa na lisemwe lile ambalo katika nyumba ile halisemwi. Khattab alikuwa na seli mundu, ugonjwa wa damu. Maumivu yakimshika yalianzia vidoleni, na zile glavu zilimpa joto. Alipolazwa mara ya mwisho alimpigia dada yake simu: "Kijino, niletee glavu zangu. Vidole vinaniuma." Kijino ni jina alilompa Ghadeer, kwa ajili ya jino lake lililomeguka ukingo, na hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Ghadeer wakati ule alikuwa Khuwair ya Kusini, kwenye majaribio ya kuchagua timu. Glavu alikuwa kazivaa.

"Nimezitafuta kila mahali," akamwambia. "Hazionekani."

Kesho yake alipiga tena. Jibu likawa lile lile, maana majaribio yalikuwa ya siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu Khattab akafa, mama yake akimsugua vidole kwa viganja vyake mwenyewe.

Timu ilimchukua Ghadeer. Baada ya hitima nguo za marehemu zikatolewa sadaka zote: kanzu, kofia, hata soksi. Glavu hakuna aliyeziulizia. Nani huhesabu vitu vya mchezo kuwa nguo? Aliyezikumbuka alinyamaza. Na kila aliyekuja kutoa mkono wa pole, Bi Rahila, mama mtu, alimwambia neno moja, nalo ndilo lililompa nguvu za kuamka kila siku: "Mwanangu kaondoka hana alichokitaka akakikosa." Ghadeer alikuwa akipitisha kahawa, kichwa kakiinamisha. La kuvunda halina ubani.

Basi alipofika nyumbani jioni ile, adhana ya magharibi ilikuwa ikimalizika. Jikoni alimkuta Nakayiza, msichana wa Kiganda aliyekuja kufanya kazi miezi miwili nyuma, muda mrefu baada ya maziko. Alikuwa akipiga pasi huku akijikanda kifundo cha mkono. Ghadeer akaona njia. Nguo ya maiti hupewa mhitaji. Basi na hizi apewe mhitaji, yaishe. Aibu yake kubwa ni hii, kwamba alijua kilichomo na bado akatabasamu.

"Chukua, Nakayiza. Zitakusaidia mkono."

"Kweli, sister? Asante sana. Mungu akubariki."

Nakayiza akazivaa. Zikamkaa sawasawa, yeye mwenye mikono midogo vile.

"Mbona ni moto hivi?" akanong'ona. "Ni kama mtu amezivua sasa hivi."

Bi Rahila akaingia kutafuta chai. Pasi ilikuwa imeachwa juu ya foronya, na kitambaa kilianza kunuka kuungua. Na ndani ya harufu ya kuungua... mikaratusi.

Kidole cha Nakayiza kikagonga meza.

Moja.

Mbili.

Tatu.

Kikombe kikamponyoka Bi Rahila. "Nani kakufunza kugonga hivyo?"

Macho ya Nakayiza yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa yake ile ile ya kila siku. Maneno ndiyo hayakuwa yake.

"Kijino... niletee glavu zangu. Vidole vinaniuma."

Ghadeer akarudi nyuma hatua moja.

"Nnakusubiri tokea jana, Kijino."

Halafu akapepesa macho, akauona moshi, akainyakua pasi. "Samahani, Madamu! Sijui nilikuwa nafikiria nini." Hakukumbuka hata neno moja. Baadaye alisema labda aliwahi kumsikia Ghadeer akiongea usingizini, maana vyumba vyao vimepakana. Huenda. Ghadeer mwenyewe angependa sana iwe hivyo.

Bi Rahila alikuwa akimtazama binti yake.

"Alikuomba?"

"Mama, mimi..."

"Nnakuuliza. Mwanangu alikuomba, hali yuko kitandani anaumwa, ukamnyima?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia pale, mbele ya meza ya pasi. Akaitikia kwa kichwa.

Bi Rahila hakupiga kelele. Bora angempiga kofi, ingekuwa nafuu. Alizivua glavu mikononi mwa Nakayiza kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa. Akazivaa yeye. Akaenda chumbani kwa Khattab, akafunga mlango.

Ijumaa Ghadeer alikwenda kwenye mechi mikono mitupu. Vidole vilikuwa vya baridi, havikukunjuka, na timu ikamtoa kabla ya raundi ya pili. Daktari anasema damu yake haina tatizo lolote.

Siku hizi kila magharibi Bi Rahila hujifungia mle chumbani. Ghadeer husimama nje, vidole kavibana kwapani vipate joto, akitafuta maneno ya kuomba radhi. Jana alimsikia mama yake akizungumza kwa upole, upole ambao yeye hajaonjeshwa tangu jioni ile.

"Zimepata joto, baba?"

Kidole kikagonga ubao. Mara tatu.

Kimya... kimya cha mtu anayesikiliza.

"Ndiyo, yupo. Yupo hapo mlangoni, anataka kuingia."

Kimya tena.

"Hapana, mwanangu. Mwache asubiri, kama ulivyosubiri wewe."