Hela za Mitad Zilivyotaka Kuninyima Mazishi ya Mama

Waliinuka kabla ya kikombe cha tatu.

Wote. Kwa pamoja. Kama watu waliopangana njiani.

Ndugu zangu, kahawa ya kwangu hapa Kolfe haijawahi kukimbiwa. Kikombe cha kwanza ni cha kunywa, cha pili ni cha umbea, cha tatu ni cha baraka. Mtu akiinuka kabla ya baraka, amekwambia neno ambalo hata matusi hayawezi kulifikia.

Mimi nimeshika birika la jebena mkononi, moshi wa ubani unanipita usoni, na wenzangu wanajifunga shuka zao za netela kimya kimya...

Weyzero Alemtsehay, mwenyekiti wa idir, chama chetu kina mama cha kuzikana, ndiye aliyebaki mlangoni. Hakupaza sauti. Yule mama akikasirika hunong'ona.

"Etagegn. Mitad au hela. Jumapili kwenye mkutano. Ukija mikono mitupu, jina lako tunalifuta."

"Langu?"

"Lako na la mama yako. Mko ndani kama kaya moja, mtatoka kama kaya moja."

Akaondoka.

Nyuma ya pazia nikamsikia mama anakohoa.

Mama yangu, Emama Yeshimebet, alikuwa kitandani siku nyingi. Daktari alisharudisha mikono nyuma, akatuambia tukae naye nyumbani, tumpe anachopenda. Na mama amechangia idir ile tangu mimi sijazaliwa. Amepikia misiba ya watu mpaka mgongo ukapinda, ili siku yake ikifika hema lifungwe mlangoni, masufuria yaletwe, watu wajae, alale ardhini kama binadamu mwenye watu wake.

Asiye na idir huzikwa na ndugu zake wawili na mchimba kaburi.

Sasa niwaambie nilivyojiingiza kwenye huu moto.

Surafel ni mtoto wa marehemu dada yangu. Kasoma uhandisi, akaachana na ajira, akafungua kampuni yake. Akabuni mitad ya umeme, lile jiko bapa la kuokea injera, mkate wetu wa kila siku, ila hii ya kwake inakula umeme kidogo sana. Aliileta kwangu, tukaijaribu mbele ya watu. Injera ikatoka laini, imejaa macho, vile vitundu vyake, kila sehemu. Wanawake walishika vifua.

Akasema kampuni ndiyo kwanza inaanza. Anayelipia mapema atapata kwa bei ya chini, mzigo utatoka kabla ya Fasika, Pasaka yetu.

Yeye alisema mara moja. Mimi mdomo huu nikasema kila siku.

Msibani nasema. Sokoni nasema. Kanisani watu wakisubiri mahubiri yaishe, mimi nasema. Nusu ya idir ikalipia. Hakuna aliyemwamini Surafel, kijana wa watu ambaye hata hawamjui vizuri. Walimwamini Etagegn.

Fasika ikaja. Kuku wakapikwa, mayai yakamenywa, mitad hakuna.

Surafel akawa na neno jipya kila wiki. Mara benki hazina fedha za kigeni. Mara kontena limefika Djibouti. Mara limekwama forodha. Na mimi nayachukua maneno yake yakiwa bado moto nawapelekea wenzangu, tena naongeza chumvi. Niliwaambia nimeona picha ya kontena. Sijawahi kuona hata ya toroli.

Kundi letu la Telegram likageuka mahakama. Mmoja anauliza kama kampuni bado ina hela au ilishafilisika zamani tunazugwa tu. Mwingine yuko tayari kurudishiwa hata nusu, yaishe. Akatokea mmoja akaapa kwamba amemwona Surafel hotelini kule Bole anakula kitfo... tena siku ya mfungo.

Hapo mtaa ukachafuka. Hela watu wangeweza kusamehe. Nyama mbichi siku ya mfungo, hapana.

Surafel akaacha kujibu. Akaacha kupokea simu, hata yangu.

Ndiyo maana siku ile waliinuka.

Sikuosha hata sini, vile vikombe vya kahawa. Nikajitanda netela, nikaenda moja kwa moja karakanani kwake.

Geti limefungwa kwa ndani. Nikagonga mpaka jirani akatoka. Nikasema kwa sauti, ili mtaa mzima usikie, kwamba asipofungua nitakaa pale pale chini nimlilie kama maiti.

Akafungua.

Jamani, yule si mtu aliyekuwa anakula kitfo. Mashavu yalishaingia ndani.

Nikampita. Na nilichokiona kilinifanya nipige ishara ya msalaba. Mitad! Zimepangwa mpaka karibu na dari, za udongo laini, mifuniko inang'aa. Nikataka kucheka kwa furaha.

Nikainua mojawapo, nikaigeuza.

Chini yake patupu. Hakuna waya. Hakuna chochote cha kuipasha moto.

"Kontena liko wapi?"

"Mama mdogo, kaa kwanza."

"Nimekaa tangu Fasika. Kontena liko wapi?"

"Hakuna kontena."

"Halijafika?"

"Halijawahi kuwepo."

Nikaiweka mitad chini.

"Na hela? Umezila?"

"Sijala hata birr moja. Ziko kwenye ekub."

Nikakaa sasa. Chini, kwenye vumbi.

Akanieleza huku anaangalia vidole vyake. Sehemu ya hela zetu ilitengeneza hayo maumbo ninayoyaona. Zikabaki nyaya za kupashia. Mwagizaji wa Merkato hauzi kidogo kidogo, anataka mzigo wote ulipwe mkupuo. Hela iliyobaki haikutosha. Benki wakamuuliza hati ya nyumba, na yeye nyumba hana. Basi akajiona mjanja. Akaingia ekub ya wafanyabiashara wa hapa Kolfe, ule mchezo wao mkubwa, kila Jumapili kila mtu anatoa, jina linachomolewa kwenye kopo, mmoja anabeba zote.

Alijua jina lake litatoka mapema. Alijua tu. Aliweka hata nadhiri kwa Mtakatifu Gabriel.

Kila Jumapili anapeleka hela za wateja. Kila Jumapili anachomolewa mtu mwingine.

"Umeweka mazishi ya bibi yako kwenye kopo?"

"Hazipotei, mama mdogo. Zamu yangu itafika tu."

"Bibi yako hasubiri zamu."

Akaanza kulia. Na mimi nilimwacha alie, maana nilikuwa na hasira, na nilikuwa nahesabu uongo wangu mwenyewe, ile picha ya kontena niliyowatangazia watu.

Kisha nikauliza swali ambalo mtu kama mimi hawezi kuacha kuliuliza.

"Nani alibeba ya kwanza kabisa?"

"Haisemwi, mama mdogo. Ya ekub hubaki kwenye ekub."

"Surafel."

"...Ato Gebeyehu."

Nikarudia jina hilo kimoyomoyo. Ato Gebeyehu, muuza misumari na mabati. Mume wa Weyzero Alemtsehay.

Ndugu zangu, wiki mbili nyuma Alemtsehay alikaa nyumbani kwangu, akanywa kahawa yangu, akatuambia mumewe bado hajapata bahati ya ekub. Akiipata watajenga jiko jipya.

Kumbe mwanaume alishabeba zamani. Mkewe hajui. Na hela za kwanza kwanza alizobeba, ndani yake zimo hela zetu za mitad!

Nilirudi nyumbani natembea kama mlevi. Nilikuwa na umbea ambao Kolfe haijawahi kuusikia. Yule aliyenishika koo, nami sasa nina koo lake kiganjani. Nikisimama mkutanoni nikalitoa hili neno moja tu, hakuna atakayekumbuka mitad. Jina langu litabaki. La mama litabaki.

Mama alikuwa macho.

"Mbona sisikii sini zikigongana? Watu wameenda wapi?"

"Wamewahi kanisani, mama."

"Unadanganya vibaya," akasema taratibu. "Kama marehemu baba yako."

Kisha akaniomba nimgeuze upande wa mlango. Alipenda kuona anayeingia. Siku ile hakuingia mtu.

Jumapili baada ya ibada nikafuatana na Surafel kwenye ekub. Wanakutana chumba cha nyuma cha duka la chai, wanaume watupu, kopo liko mezani. Mkutano wetu wa idir ulikuwa mchana huo huo. Nilikuwa na asubuhi tu.

Msimamizi wao, Ato Shimelis, mzee wa maneno machache, alishangaa kuniona lakini akaniruhusu niseme.

Nikasema yote. Mitad hazina nyaya, wateja wana haki yao, mama yangu yuko kitandani na leo hii anafutwa idir. Nikawaomba Surafel apewe zamu ya leo bila kuchomoa. Ekub zote zina huruma hiyo, mwenye shida akiomba na wenzake wakikubali, anapewa.

Wakatazamana. Mmoja akasema kijana amesema uongo kwa wateja, atashindwaje kusema uongo kwetu. Akishabeba akaacha kuchangia, nani atalipa?

"Ana mdhamini?" Ato Shimelis akauliza.

Wote wakaangalia kopo.

Nikamtazama Ato Gebeyehu. Alikuwa ameketi pembeni, anaangalia viatu vyake. Neno lilinijia mpaka kwenye meno. Ningelisema pale, angeruka kutoka kwenye kiti na kudhamini kila kitu, ili tu ninyamaze.

Lakini akilini nilimwona mama amegeukia mlango... Nikafikiri, hivi watu watakaokuja kwa kuogopa mdomo wangu, ndio watamlilia?

Nikanyamaza. Mimi, Etagegn. Nikanyamaza.

Ato Shimelis akakuna kidevu.

"Mdhamini awe mtu aliyekwisha kubeba na bado anachangia vizuri. Kama Ato Gebeyehu hapa. Alibeba wa kwanza, na hajakosa Jumapili hata moja."

"Alibeba lini?"

Sauti ilitoka mlangoni. Ya kunong'ona.

Weyzero Alemtsehay alikuwa amesimama pale. Kumbe alinifuata toka kanisani, akidhani mimi na mtoto wa dada yangu tunagawana hela tutoroke.

Ato Gebeyehu akawa na rangi ya majivu.

"Nimekuuliza, baba watoto. Ulibeba lini, na jiko langu liko wapi?"

Mwanaume akasema bila kuinua macho kwamba amemjengea mama yake nyumba, Debre Birhan. Ya zamani ilikuwa inavuja. Alijua mkewe na mama yake hawaivi chungu kimoja, ndiyo maana akaficha.

Nilimwona Alemtsehay anatafuta hasira, anaikosa.

"Angekuwa mwanamke mwingine ningejua la kufanya," akasema mwishowe. "Ni mama yake. Nifanyeje mimi?"

Kisha akanigeukia.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu leo?"

"Tangu juzi."

"Na umekaa nalo? Wewe?"

Alinitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Ato Shimelis," akasema, bado ananitazama mimi, "mpe kijana zamu. Mume wangu ni mdhamini."

"Mama watoto, hebu tuli..."

"Ni mdhamini."

Akawa mdhamini.

Mchana Surafel alisimama mbele ya idir. Nilimwambia asipunguze kitu. Akawaambia hakuna kontena, hajawahi kuliona, na akaeleza kila birr ilipokwenda. Nikasimama na mimi, nikasema ile picha niliitunga. Tulizomewa, msidhani tulipigiwa vigelegele. Kuna waliodai hela zao pale pale na wakalipwa kutoka kwenye hela za ekub. Mmoja mpaka leo hanisalimii.

Lakini wengi walisema watasubiri. Nyaya zilinunuliwa kesho yake. Alemtsehay hakunitetea hata kwa neno moja. Alisema tu kwamba hakuna jina linalofutwa, akahamia ajenda nyingine.

Mama alifariki mafundi wakiwa bado wanafunga nyaya.

Hema lilifungwa kabla sijamaliza kumfumba macho. Watu walijaa mpaka barabarani. Nyuma ya nyumba nikamkuta Weyzero Alemtsehay ameinamia mitad ya kuni, anaoka injera za msiba, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

Nikamkumbatia. Nikamwambia mama alimpenda.

"Niache," akasema. "Huu ni moshi. Mwambie Surafel aharakishe."

Ndipo akashindwa kujizuia, tukalia wote wawili.

Unayefanya biashara ya kulipwa kabla ya kutoa mzigo, nisikilize mimi niliyeponea chupuchupu. Hela ya mtu ambaye hujampa kitu chake si mtaji wako wa kubahatisha, ni amana. Na ukichelewa, mwambie ukweli akukasirikie leo. Watu walivumilia miezi bila mitad. Kilichowainua kwenye kahawa yangu ni kontena nililowaletea mimi kwa mdomo.