Nyumba Zetu ni Nyumba Zenu

Jambo la kwanza lilikuwa unyevu tu. Dada wa mapokezi katika hoteli ya ufukweni alirudi kutoka kazini, akakuta sakafu imelowa kuanzia kizingitini hadi chumbani kwa baba yake, mzee aliyepooza miguu.

"Baba, nani kaja?"

"Mgeni wako," mzee alinong'ona. "Kalala upande wa ukutani. Usipaze sauti."

Upande wa ukutani hapakuwa na mtu. Dada akacheka, akapiga deki, akasema ni utu uzima.

Mji wenyewe ulikuwa na vituko vya kutosha, maana Kamati ya Kupendezesha Mji ilikuwa kazini, na kamati ile ikishika jambo, heri tufani. Ilipaka mawe ya ufukweni rangi ya waridi. Ilipanda maua mbele ya jalala, jalala likabaki. Mwenyekiti wake, mtu wa tumbo kubwa na aibu ndogo, alikwenda ziara moja ya ng'ambo akarudi na wazo: vipaza sauti vifungwe ufukweni kote, vielekezwe baharini, watalii melini wasikie wakiitwa. Maneno aliyatunga mwenyewe. Sauti iliyonaswa mkandani ilikuwa ya dada huyu, kwa kuwa ilikuwa tamu na ya bure.

"Karibuni nyote! Nyumba zetu ni nyumba zenu!"

Kila machweo, tena na tena. Meli zilipita kwa mbali, zikiendelea na safari zake. Wajinga wale wa kamati hawakujiuliza baharini kuna nani mwingine.

Siku zilivyokwenda, chumba cha mzee kikaanza kunuka mwani uliooza, kitanda kikabonyea upande usio na mtu, na kila dada alipomlisha uji alisikia mchanga ukisagika kati ya meno ya baba yake, na mzee, aliyekuwa mtani wa mtaa mzima, akawa anasinyaa na kupoa, akisogea kidogo kidogo ukingoni mwa godoro kumpisha yule aliyezidi kunenepa kando yake, akipumua pumzi nzito za maji. Dada hakuwa na mzazi mwingine. Akamwita mganga.

Mganga, mwanamke wa makamo, aliingia akilalamikia joto. Alipofika mlango wa chumba, malalamiko yakamkauka.

"Jini huyu nani kamkaribisha?"

"Mimi. Ila si mimi, ni kamati."

"Kaifuata sauti mpaka inapolala. Sikiliza, mwanangu. Jini aliyekaribishwa hafukuzwi. Ukimfukuza, atatoka na mzee wako. Anahamishwa. Tangazo limesema nyumba zetu, si nyumba yako peke yako. Muoneshe nyingine."

Dada hakupenda kumtwisha mtu balaa. Akaenda kwanza kwa mwenyekiti, akamsihi azime vipaza sauti na kuliondoa tangazo. Mwenyekiti alimsikiliza, macho yakimng'aa.

"Jini? Jini hasa? Dada, huo ndio utalii wenyewe! Tutaweka kibao mlangoni kwako, watu wapige picha."

"Mheshimiwa, baba yangu anakufa."

"Si mzee yule? Kashakula chumvi nyingi. Tusirudishe mji nyuma kwa ajili ya mtu mmoja."

Hapo huruma ikamtoka dada yote, na hakuitafuta. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mitambo ya vipaza sauti, akazima ule mkanda, akashika kinasa sauti.

"Mgeni wangu, samahani, kwangu umebanwa. Nyumba yenye nafasi ni ile ya ghorofa, kilimani. Ya mwenyekiti. Mwenye maneno ni yeye. Nenda, kitanda ni kikubwa."

Aliporudi nyumbani alimkuta mzee amejilaza katikati ya godoro, mkavu, akidai chakula na kutukana uji.

Asubuhi moja mwenyekiti aliingia mapokezi na mkewe, shati limemlowa hadi kolani, akinuka mwani. Mkewe alikaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi katikati kama ya mtu mnene, na hakuthubutu kuitazama. Ubao wa benchi, pale pasipo na mtu, ulilia, ukabonyea.

"Dada," mwenyekiti alinong'ona, "tupe chumba. Chochote kile. Nakuomba."

Dada alifungua droo ya funguo, akaitazama ile benchi, akaifunga droo tena.

"Wawili ningewapokea, mheshimiwa. Huyo wa tatu ni mgeni wenu. Rudini naye nyumbani."