Uzito wa Fetuao

Nesi Matalena alipomtoa mtoto kwenye suruali ya kupimia, mshale wa mizani haukurudi kwenye sifuri. Ulibaki palepale, kwenye kilo nane, kwa muda wa pumzi moja, kisha ukashuka polepole, kana kwamba mtu alikuwa ameishika ile suruali tupu na sasa anaiachia.

"Mizani yako imezeeka, nesi," alisema Asenati, mwenyekiti wa kamati ya wanawake. "Kama sisi. Tukishakaa, kuondoka ni kazi."

Wanawake waliokaa mikekani wakacheka. Matalena naye akacheka, akaweka nukta kwenye kadi ya Iosua. Nukta ilikaa juu ya mstari wa uzito unaotakiwa, kama za miezi miwili iliyopita. Mtoto wa miezi tisa, kafiwa na mama angali ananyonya, na bado anaongezeka hivi!

"Hongera, Mama Losa," alimwambia bibi ya mtoto.

Losa alimzungushia mjukuu wake shuka, akainama karibu. "Hali chochote, nesi. Uji anatema. Maziwa ya kopo anatema. Hata kulia halii tena."

"Kilo nane hazitoki hewani, mama."

Matalena alikuwa amempima na nguo zake zote, maana foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa inateremka mlimani. Tusimhukumu haraka. Mtu aliyezunguka vijiji vya kisiwa cha Savai'i, huko Samoa, miaka kumi na tisa na mizani moja huiamini kuliko macho yake, kwa sababu macho huingiwa na huruma, mizani haiingiwi.

Ila mikono yake haikutulia. Jioni ile, akiosha vyombo, aliikumbuka: ilikuwa imemnyanyua mtoto yule, na haikuhisi uzito wowote.

Kesho yake saa sita mchana akaenda kwa Losa, mizani begani. Nyumba ile, kama nyingine pale kijijini, ilikuwa nguzo na paa bila kuta, kwa hiyo tangu barabarani alimwona Losa amempakata mtoto, na mbele yao kaburi la Fetuao, binti wa Losa na mama wa Iosua, chokaa yake bado mpya.

"Mvue nguo, mama."

Losa akamvua. Mbavu zilihesabika. Ngozi ya mapaja ilining'inia kama nguo ya kuazima. Na kwenye vifundo vya miguu, vyote viwili, kulikuwa na alama za bluu: nne upande wa nje, moja upande wa ndani. Vidole vya mtu mzima.

"Nani kamshika hivi?" Matalena alinong'ona.

"Huja siku za mizani," alisema Losa, akitazama mkeka.

Matalena alitundika mizani kwenye boriti, akamweka mtoto, akaachia. Mshale ukaenda kilo nane na nusu.

Hapakuwa na upepo, majani ya mgomba hayakutikisika, lakini boriti ililia kama inavyolia ikibebeshwa mtu, kamba ikakaza, miguu ya mtoto ikanyooka kuelekea chini, vidole vyake vyembamba vikibanwa pamoja na kitu kisichoonekana, na ikaja harufu, kwanza kidogo kama ya mtu apitaye, kisha ya karibu, ya karibu mno, harufu ya mafuta ya nazi na maua ya mlangilangi na nywele zilizotoka kuoshwa, harufu ambayo Matalena aliifahamu kabla hajakubali kwamba anaifahamu.

Mara ya mwisho kuinusa ilikuwa mwezi wa tano, miezi mitatu nyuma, Fetuao alipomleta mtoto mbele ya kamati nzima. Yeye ndiye aliyesoma kwa sauti: "Kilo tano na nusu. Fetuao, tena chini ya mstari! Unamlisha nini, upepo?" Wanawake walicheka. Akaongeza: "Mwezi ujao mtoto asipofika mstarini, naandika apelekwe mjini Apia kwa shangazi yake, akalelewe na watu wanaojua." Fetuao alikuwa na miaka ishirini, na moyo mgonjwa ambao hakuna aliyemuuliza habari zake. Aliinamisha kichwa, nywele zikamfunika uso. Wiki mbili baadaye wakamzika.

Na sasa Fetuao alikuwa amepiga magoti hapo chini, haonekani, akivuta kwa nguvu zote alizobaki nazo, mwanawe afike kwenye mstari.

Matalena naye akapiga magoti.

"Fetuao," alisema kwa sauti ya chini. "Mdogo wangu. Niliyekuaibisha ni mimi. Hukuwa mama mbaya, ulikuwa mgonjwa. Sitaandika neno. Hatachukuliwa na mtu. Lakini sikuoni wewe, naona uzito wako, na nyuma ya uzito wako mtoto anakufa. Mwachie miguu. Mwachie, nimwone."

Kamba ilitetemeka. Mshale ukaanza kushuka: saba, sita, tano na robo. Hapo ukasimama. Ile harufu ikakatika ghafla.

Na Iosua, ambaye hakuwa amelia kwa wiki nyingi, akalia.

"Umemfukuza?" Losa aliuliza.

"Nimemwomba amwachie. Twende hospitali, mama, upesi."

Losa hakuinuka. "Nilijua, nesi. Tangu mara ya kwanza. Nilikwambia kwamba hali chochote, lakini sikukwambia yote. Nikamleta kila mwezi mpaka wa tatu huu, nipate kunusa nywele za mwanangu." Akaziba mdomo kwa kanga ya mtoto. "Ningekwambia, ungemwondoa. Sasa umemwondoa, na mimi hata kumuaga sikumuaga."

Matalena alimshika mkono, akamwinua, akampakiza garini pamoja na mjukuu wake.

Njia nzima ya kijiji Iosua alitazama nyuma, juu ya bega la bibi yake, mkono ameunyoosha, vidole vikifumba na kufumbua. Walipokata kona ya kanisa aliuteremsha polepole, kama watoto wanavyofanya yule aliyekuwa akiwapungia anapotoweka.