Jicho Alilolisafisha Baba

"Baba Kipusa, nijibu. Hizi picha ulizisafisha?"

Mpiga picha aliinamia kamera yake kama mtu anayetafuta sindano.

"Mke wangu, kazi ni kazi. Hakuna picha inayotoka studio kwangu bila kusafishwa, dosari zikafutwa."

"Hata za mwanao?"

Akaanza kuifuta lenzi iliyokuwa safi.

Nesi wa kliniki ndiye aliyemwekea Mama Kipusa programu ya akili bandia kwenye simu. Inakagua picha ya mtoto, na ikiona weupe ndani ya mboni inaonya: muwahishe hospitali, huenda ni saratani ya jicho. Mama mtu akaipitishia picha zote alizotumiwa na mumewe. Ikajibu, hakuna dalili. Akamshukuru Mungu.

Kumbe! Juzi alimpiga picha mwenyewe, mtoto akicheka na kijiko mdomoni. Onyo likawaka jekundu. Leo daktari amesema jicho haliokoki tena, litolewe kwa upasuaji, waokoe uhai.

"Weupe uliuona?"

"Niliuona. Nikadhani ni mwanga wa flashi. Nikaupaka weusi, mtoto apendeze."

"Apendeze! Mimi nauliza simu, kumbe najibiwa na mkono wako!"

Mama Kipusa alimbeba mtoto, akaenda kwa mama yake.

Ujumbe ukamfuata: "Mke wangu, nimezipitisha picha ambazo sikuzigusa. Hata ile ya meno ya kwanza, onyo limewaka. Tungewahi. Nisamehe."

Akajibu: "Majuto ni mjukuu. Mpakate mwenyewe."

Mama yake akausoma, akaguna.

"Mwanangu, umemkomoa vizuri. Sasa mtoto akizinduka akamuulizia baba yake, utamjibu nini?"

"Mama, jicho halirudi!"

"Halirudi. Na baba naye asirudi?"

Mama Kipusa alilia sana, kisha akapiga simu.

"Upasuaji ni kesho asubuhi. Njoo."

"Nije na nini?"

"Njoo na wewe."

Alikuja, na kamera shingoni kwa mazoea. Mtoto alipozinduka, upande mmoja wa uso umefungwa bandeji, alimwona.

"Baba, nipige picha. Halafu hii bandeji uifute."

"Hapana, mama. Baba hafuti tena."

Mkewe akasogea kitandani.

"Mpe nesi hiyo kamera. Uje ukae huku, na sisi."

Picha hiyo iko ukutani pale studio. Bandeji inaonekana, na macho ya baba mtu mekundu kwa kilio. Hakuyagusa.